Jumatano ni siku ya tatu

Jumatano ni siku ya tatu. Ijumaa ni siku ya tano. Aliyekulia Lubumbashi, Likasi au Kolwezi haoni ajabu yoyote katika sentensi hizi mbili. Aliyekulia Tanga au Mombasa atazisoma mara ya pili akidhani mpiga chapa alisinzia. Mimi nataka kuzitetea, na nataka kuzitetea mbele ya msikilizaji mgumu: kompyuta, pamoja na ndugu yake mdogo simu, kila zinapoandika tarehe kwa Kiswahili.

Katika fakulte yetu tarehe imeachwa mikononi mwa watu wa informatiki. Wakitujia, wanakuja na ombi fupi: tupeni siku saba na miezi kumi na miwili kwa Kiswahili. Tunawapa zile za kitabuni, wanashukuru, wanakwenda, na sisi tunarudi kwenye ngeli zetu. Nasema ombi lenyewe lina kasoro, na tungepaswa kuwa wa kwanza kuiona. Hakuna siku saba "za Kiswahili". Kuna za Kiswahili cha mahali fulani, na mahali hapo pana namna yake ya kuhesabu.

Mwaka jana mama mmoja jirani yetu wa Katuba alipata ujumbe kwenye simu kutoka kituo kimoja cha afya. Kituo kilikuwa kimeanza kutumia programu ya kuwakumbusha wazazi chanjo za watoto, na ujumbe ulikuja kwa Kiswahili. Hilo nilisifu na bado nalisifu, maana zamani ujumbe ulikuwa wa Kifaransa na yeye alilazimika kumtafuta kijana wa kumsomea. Ujumbe ulimwambia alete mtoto Jumatano. Haukuwa na tarehe, ulikuwa na jina la siku tu. Mama yule ni msomaji mzuri, Biblia yake imechakaa kwa kusomwa. Aliona tano, akaenda siku ya tano, yaani Ijumaa. Chanjo za juma lile zilikuwa zimetolewa siku mbili kabla. Muuguzi akamwuliza: "Mama, hukusoma?" Alikuwa amesoma.

Watu wengi niliowasimulia habari hii walicheka, wakasema mama alipaswa kujifunza. Ajifunze nini hasa? Ukichunguza juma la Kiswahili sanifu utakuta si juma moja, ni mawili yaliyoshonwa pamoja. Watu wa pwani walihesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa, siku ya sala kuu: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, kisha Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hapo hesabu inakatika, na majina mawili yanapokewa kutoka Kiarabu. Alhamisi katika Kiarabu maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu na Jumapili. Kwa hiyo katika juma sanifu siku ya tano inafuatwa na siku ya tano. Hakuna anayecheka hilo, kwa kuwa limezoeleka.

Sisi wa huku tukaleta ya tano nyingine. Kwetu hesabu inaanza siku watu wanaporudi kazini baada ya pumziko la yenga, na Kilingala kinahesabu vivyo hivyo: mokolo mwa misato ni siku yetu ya tatu. Weka hesabu zote kwenye karatasi moja utaona tano tatu zimepangana, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na kila moja ina sababu yake ya kuitwa ya tano. Anayedhani hesabu yetu ni ya kienyeji tu aangalie pia nje. Warusi wanaiita Jumanne kwa neno linalotokana na pili, kama sisi. Wachina wanaiita Jumatano siku ya tatu ya juma. Kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ISO 8601, inaipa Jumatatu namba 1 na Jumapili namba 7. Na katika lugha ya programu iitwayo JavaScript, ukiuliza leo ni siku ya ngapi, Jumapili inajibiwa 0, Jumatatu 1, Jumatano 3, Jumamosi 6. Ni hesabu ya bibi yangu kabisa: yenga haina namba, siku ya kwanza ni moja, siku ya tatu ni tatu. Mashine ndani ya tumbo lake inahesabu kama Katuba. Inapofungua kinywa ndipo inasema Jumatano.

Kwa nini inasema hivyo? Hapa lazima nieleze kidogo kazi ya ndani, na wenzetu wa informatiki wanisamehe nikiirahisisha. Programu haihifadhi tarehe kama tunavyoisoma. Inahifadhi namba, mara nyingi ni hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Wakati wa kuionyesha, inauliza mambo mawili: lugha gani, na nchi gani. Jibu linaandikwa kwa msimbo mfupi: sw-TZ kwa Kiswahili cha Tanzania, sw-KE kwa Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya, ingawa sisi tungependa), sw-UG kwa Uganda, sw-CD kwa Kongo. Kisha inakwenda kwenye hazina kubwa ya data iitwayo CLDR, inayotunzwa na Unicode Consortium, shirika lilelile linaloamua kila herufi ya dunia ipewe namba gani kwenye kompyuta. Simu nyingi, vivinjari na mitambo mingi vinachota humo. Humo mna majina ya siku na miezi, mpangilio wa siku, mwezi na mwaka, siku inayofungua juma kwenye kalenda, alama ya kutenga elfu, na mengine mengi. Kile kisichopo chini ya sw-CD kinachukuliwa kwa mzazi wake, sw, na mzazi huyo anasema kama Dar es Salaam.

Lililonishangaza ni kwamba Kiswahili chetu kiliwahi kukaa humo peke yake. Kilikuwa na msimbo wake, swc, ambao katika orodha ya kimataifa ya lugha unasimama kwa Kiswahili cha Kongo. Data zake baadaye zilihamishwa chini ya sw-CD. Nimezisoma zile data za swc kama tunavyosoma matini darasani, na nawashauri wenzangu wafanye hivyo, maana ni matini fupi yenye mambo mengi. Miezi ni mwezi ya kwanja, mwezi ya pili, mwezi ya tatu, mwezi ya ine, mwezi ya tanu, na kuendelea, mpaka mwezi ya munane, mwezi ya kumi na moya, mwezi ya kumi ya mbili. Siku ni siku ya yenga, siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka siku ya sita. Saa za asubuhi zina alama "ya asubuyi", za mchana "ya muchana". Miaka ya kale ni "mbele ya Yezu Kristo".

Aliyeandika hayo alikuwa na sikio. Ine badala ya nne, munane badala ya nane, muchana wenye irabu yake kamili mahali ambapo sanifu inabana midomo, asubuyi iliyoipoteza h: hayo ndiyo masomo yetu ya fonolojia, tena yamo ndani ya mtambo. Mwezi ya badala ya mwezi wa ni upatanisho wetu wa ngeli, unaosikika kila siku kwenye kituo cha basi na haukubaliki hata mara moja kwenye mtihani. Yezu mwenye z ananiambia kwamba mwandishi alisikia misa ya Kikatoliki zaidi ya ibada ya Kiprotestanti. Lakini mwandishi huyo huyo ameandika mwezi ya kwanja na siku ya kwanza ndani ya faili moja. Ameandika kumi na moya, kisha kumi ya mbili. Hizo ni kazi ambazo hazikupitiwa na jicho la pili, na jicho la pili lilipaswa kuwa la fakulte kama yetu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziona kabla ya chai.

Lipo pia linalokosekana. Siku ya sita ni sahihi kwa hesabu, ila wazee wa kampi za migodi niliowasikia hawaiiti hivyo. Wanasema siku ya posho, kwa ajili ya chakula cha juma walichogawiwa wafanyakazi, na Kilingala kimelibeba neno hilo kama mposo. Neno moja la siku lina historia nzima ya Union Minière ndani yake. Kwenye data halimo.

Kuhusu miezi sina ugomvi mkubwa. Mjini tunasema kwa Kifaransa, mwezi ya août, mwezi ya décembre. Kanisani na redioni tunasikia mwezi wa nane, mwezi wa kumi na mbili. Vitabu vya shule vina Agosti na Desemba. Namba za miezi hazigongani popote. Mwezi wa tatu ni Machi kuanzia Lamu mpaka Kolwezi, na anayesema mwezi ya tatu anaeleweka vilevile. Ningechagua namba, na ningeacha wengine wachague wa au ya. Siku ndizo zenye hatari, kwa sababu namba ileile inataja siku mbili tofauti: tatu ni Jumatatu kwa mmoja na siku ya tatu kwa mwingine, na kati yake mna siku mbili nzima. Makosa mengine ya tarehe yanachekesha. Hili linamfanya mtu afike wakati mlango umefungwa.

Najua jibu la baadhi ya walimu wetu, kwa kuwa nimelisikia katika semina zaidi ya mara moja. Wanasema Kiswahili sanifu ndicho kinachofundishwa, ndicho kinachotuunganisha na wenzetu wa mashariki, na kwamba nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi si wakati wa kurudi nyuma kwenye lahaja. Wanasema tena: tukiingiza siku ya tatu kwenye mitambo, mtoto atajifunza wapi Jumatano?

Hoja hii ina uzito na sitaki kuipuuza. Mfanyabiashara anayengoja mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam, unaopita Zambia mpaka Kasumbalesa, akiandikiwa kwamba lori litafika Jumatano, lazima aelewe Jumatano ya Dar es Salaam. Siku yetu ya tano haitamsaidia. Lakini hapo ndipo msimbo wa nchi unafanya kazi yake. Karatasi ya lori imeandikwa na mtu wa Tanzania kwa sw-TZ, iachwe hivyo. Ujumbe wa kituo cha afya cha Katuba umeandikwa kwa mama wa Katuba. Kama sw-CD itasema sawasawa na sw-TZ katika kila kitu, basi herufi zile mbili za mwisho hazina faida, tungezifuta tupunguze kazi. Hakuna anayewalazimisha Wabelgiji waseme soixante-dix na quatre-vingt-dix. Wana septante na nonante zao, na sisi tuliozirithi hatujaacha kuelewana na Paris. Hata wenzetu wa mashariki hawalingani kwa yote: kwenye data hizo kalenda ya Kenya inafunguka Jumapili, ya Tanzania inafunguka Jumatatu kama yetu. Na Katiba ya mwaka 2006 inapotaja lugha zetu nne za taifa inasema Kiswahili, haisemi cha kitabu gani.

Zaidi ya hayo, wanaotetea sanifu kwa jina la umoja mara nyingi hawajaona matokeo yenyewe. Kwa sababu sw-CD inachukua kwa mzazi kile ilichokosa, matokeo si sanifu safi na si lugha yetu safi. Ni mchanganyiko ambao hakuna mtu anayeusema. Na kinachoonekana kinategemea toleo la programu: simu mbili juu ya meza moja, zote zimechaguliwa Kiswahili cha Kongo, zinaweza kutaja siku ileile kwa majina mawili. Mwalimu anayeogopa lahaja aogope kwanza hilo.

Saa ni shida nyingine, na ningeweza kujaza gazeti zima. Data za sw zinajua kwamba adhuhuri huitwa "saa sita za mchana". Neno hilo limo. Lakini programu ikiandika saa yenyewe inaandika 12:00, na saa mbili asubuhi ya mtu wa pwani inakuwa 8:00. Sisi wa Lubumbashi tunajiokoa kwa Kifaransa: tunasema huit heures, maneno yanaisha. Juu ya hayo nchi yetu ina saa mbili, ya Kinshasa na ya kwetu iliyotangulia kwa saa moja, na mitambo inazijua kwa majina ya Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Programu iliyoandikwa Kinshasa bila kukumbuka hilo itatangaza mkutano wa Kisangani au Goma saa moja nyuma. Hili si la isimu, nalipita.

Mpangilio wa namba nao naupita upesi, ingawa ndio watu wanaoujua zaidi. 06/04 kwetu ni tarehe sita mwezi wa nne, kwa Mmarekani ni tarehe nne mwezi wa sita, na programu nyingi zinazofika huku zimeandikwa na watu wa huko. Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ina bahati: ni 07/07, popote ulipo. Tarehe 30 Juni nayo inajilinda, kwa kuwa hakuna mwezi wa thelathini. Kwa tarehe nyingine dawa ni kuandika mwezi kwa neno, na karani yeyote aliyewahi kugombana na mtu juu ya tarehe ya cheti cha kuzaliwa anaijua dawa hiyo bila kusoma informatiki.

Lililo letu kabisa ni upatanisho. Programu nyingi zinaunganisha vipande: namba hapa, neno pale. Zinatoa "siku 1 zilizopita" au "miezi 1 iliyopita", na msomaji anatabasamu na kuendelea. Anayejua ngeli anaona kwamba kirai kizima kinabadilika pamoja: siku iliyopita, siku zilizopita, mwezi uliopita, miezi iliyopita. Katika kusema kwetu hata kiungo chenyewe kinabadilika, siku tatu zenye zilipita. Huwezi kumpa mwandishi wa programu neno moja moja halafu umlaumu kwa sentensi. Lazima umpe virai. Hazina ya CLDR inaruhusu jambo hilo, umoja na wingi vinaandikwa mbalimbali, na Kirusi kimepewa hata maumbo mawili ya kila mwezi, moja la kusimama peke yake na lingine la kukaa baada ya namba ya siku. Kama dunia ya mitambo imepata nafasi kwa uhusika wa Kirusi, haitashindwa kupata nafasi kwa ngeli zetu. Ila Warusi walikwenda wenyewe kueleza. Sisi tunangoja tuulizwe.

Basi ninachopendekeza kwa fakulte ni kazi ya mikono. CLDR ina chombo chake cha kupokea mapendekezo na kura; mtu yeyote anaweza kuomba nafasi ya kushiriki kwa vipindi vinavyotangazwa. Kura ya mgeni mmoja ni nyepesi kuliko ya mjumbe wa taasisi iliyo mwanachama, na hiyo ndiyo sababu sipendekezi kila mmoja wetu aende kivyake usiku na simu yake. Iwe kazi ya promosheni nzima, chini ya mwalimu, katika somo la lahaja. Kila mwanafunzi alete sentensi ishirini alizozisikia mtaani kwake, ambamo mtu anataja siku, mwezi au saa bila kuulizwa. Bila kuulizwa, nasisitiza, kwa sababu ukimwuliza mtu wa kwetu siku za juma kwa Kiswahili atanyoosha mgongo na kukupa za shuleni. Tuone ni wangapi wanasema siku ya ine na wangapi Alhamisi, wangapi posho, na umri wao. Tukiona kwamba vijana wa Lubumbashi wameacha hesabu ya wazee na wanasema Jumatano au mercredi, nitakuwa wa kwanza kuandika hivyo hapa, na hoja yangu juu ya sw-CD itabidi ibadilike. Leo hakuna orodha kama hiyo kwetu, na kura zinapigwa hata hivyo.

Wakati tunangoja, kuna jambo moja ambalo halihitaji kura. Yeyote miongoni mwetu anayeombwa na kituo cha afya, shule, parokia au kampuni kusahihisha Kiswahili cha ujumbe wenye siku, asikubali jina la siku lisimame peke yake. Aandike tarehe na mwezi mbele yake: tarehe 4, mwezi wa tatu, siku fulani. Namba ya tarehe haina lahaja. Mama wa Katuba angeangalia kalenda ya duka iliyotundikwa ukutani kwake, angeona 4 iko chini ya mercredi, na angekwenda siku ileile ambayo muuguzi alimngojea, akiiita jina lolote analopenda. Ratiba za mitihani kwenye valve zetu nazo zingefaidika; nimeona moja iliyosema "Jumanne asubuhi" bila tarehe, na nusu ya promosheni ilikwenda kumwuliza apariteri, ambaye alijibu kwa Kifaransa.

Kuhusu posho, bado nina swali. Wazee niliowasikiliza ni wa Lubumbashi na Likasi tu. Wenzangu mliotoka Kalemie, Uvira, Bukavu, Bunia na Kisangani, nataka kujua nyumbani kwenu Jumamosi inaitwaje na nani anaiita hivyo, bibi au mdogo wenu. Andikeni kwenye kikaratasi, mweke na mji na umri wa msemaji, mniachie kwa apariteri kabla ya sesheni ya pili.